Wayunani Matangani Butiama

Nilitoka Mwanza kwa sababu wifi yangu alikufa. Alikuwa mke wa kaka yangu Mugaya, kule Butiama. Alianguka njiani akitoka kuchota maji, hakuamka tena. Mimi nafundisha falsafa chuoni, na wiki hiyo tulikuwa kwa Wayunani wa kale, walioamini kwamba mtu hawi raia kamili bila wasaa, yaani muda usiobanwa na kazi za tumbo, wa kufikiri na kuamua mambo ya mji. Nililiacha somo katikati, nikafunga safari.

Mchana nikawa Bunda. Nilishuka kununua sukari na majani ya chai, maana kwetu mtu haingii msibani mikono mitupu. Mwenye duka, mzee wa kofia, akaniuliza marehemu ameacha watoto.

"Mmoja wa kike, Nyangeta. Yuko kidato cha tatu."

Alifunga sukari, kisha akasema, "Mungu amsaidie huyo mtoto." Nilidhani ni pole ya kawaida.

Butiama nilifika jioni. Kwetu, siku zote za matanga wanaume hukaa nje wakizungumza mambo ya ukoo, na wanawake huwa jikoni, kisimani na kwenye kuni. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa chuo, niliwekewa kiti cha plastiki upande wa wanaume. Nilikaa, na sitaficha, nilijisikia mtu mkubwa.

Asubuhi ya kuanua matanga, baba yetu mdogo, Wambura, alifungua kikao kwa kuuliza nani atashika nyumba ya Mugaya.

"Nyangeta si yupo?" binamu mmoja akajibu. "Kazi za mama yake alikuwaga anazifanya."

Kaka aliinamisha kichwa, akakubali. Neno shule halikutajwa na mtu.

Niliomba nafasi, nikawaeleza habari za Wayunani. Wazee wetu wanapenda hoja, walinisikiliza vizuri. Nilisema akili haikui kwa mtu anayekimbizwa na kazi tangu alfajiri. Ndiyo maana Nyangeta anahitaji wasaa wake. Kabla sijamaliza, baba mdogo aliinua mkono, uso umemchangamka.

"Ngoja, mwalimu. Hao Wayunani, nani alikuwaga anawapikia?"

Nikamjibu, "Wake zao. Na watumwa."

"Si unaona? Na huku tunataka Mugaya asimamie mambo ya ukoo. Atafikiri saa ngapi, kama anachota maji mwenyewe?"

Wakaitikia wote, na kikao kikafungwa kwa hoja yangu. Mdomo huponza kichwa, wanasema; wangu uliponza kichwa cha mtoto. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimvuta kaka pembeni nikamwomba anipe mtoto niende naye Mwanza.

"Dada, na mimi nitaishije?"

Alikuwa anauliza kweli, macho yamemvimba kwa kulia. Mtu mzima, na hakujua hata chumvi inakaa wapi katika nyumba yake. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Chakula kilipoletwa, Nyangeta alipiga magoti mbele yangu na birika kuninawisha mikono.

"Shangazi, wameamua?"

"Wameamua."

"Nilikuwa nasikia kutoka jikoni," akasema. "Uliongea vizuri."

Nilishindwa kula.

Kesho yake sikurudi Mwanza moja kwa moja. Nilipanda basi kwenda Musoma, kwa rafiki yangu wa Mwisenge aliye mwalimu, naye akaniambia sheria ipo, inayomkataza mzazi kumtoa mtoto shuleni. Tukarudi pamoja Butiama hadi kwa afisa elimu. Kumshtaki kaka aliyezika mke juzi si jambo dogo. Baba mdogo mpaka leo hapokei simu zangu. Lakini kaka aliitwa, akaonywa, na Nyangeta akarudishwa darasani. Nilirudi Mwanza nikiamini nimeshinda.

Ukweli nilikuja kuujua baadaye. Maji bado yapo kule bondeni, kuni zinatafutwa, baba anakula mara tatu, na wa kufanya yote ni yule yule. Nikimpigia simu mwalimu wake kuuliza maendeleo, ananiambia Nyangeta hakosi shule hata siku moja. Anafika, anaweka kichwa juu ya dawati, analala. Walimu wameacha kumwamsha.