Ng'ombe wa Nyasi Kavu Aliyenenepa

Katika miaka yangu kanisani nimeungama mengi mbele ya ndugu, uongo, wivu, hata uvivu wa kuamka kwa sala, lakini jambo la Kaeru huwa nalisimulia nusu tu, na mkinibana nasingizia kikohozi. Si rahisi mzee wa kanisa kusema kwamba dhambi yake haikufichuliwa na mchungaji wala na dhamiri yake mwenyewe, ilifichuliwa na ng'ombe, mchana kweupe, mbele ya vijiji vinne, na mwenye dhambi akiwa amevaa koti la Jumapili. Leo nalisimulia lote, kwa sababu namshukuru Mungu kwa siku ile, ingawa ilinichukua muda mrefu kuweza kushukuru.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, huku kwetu Embu, upande wa chini ukielekea Ishiara. Wale mliozaliwa baadaye jueni kwamba watu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, lango moja tu, homugadi, yaani askari wa kijiji wa serikali, wakilinda, na ng'ombe nao walifungiwa pamoja nasi. Waliruhusiwa kutoka kulisha saa chache, kisha ndani. Malisho ya karibu yaliisha, yakabaki mavumbi, na mnyama aliyekuwa akimsomesha mtoto au kumwozesha kijana akawa mifupa imesimama mlangoni.

Basi serikali ilikuwa na kituo kidogo cha majaribio hapo karibu (kilifungwa zamani, msiende kukitafuta), na aliyekiongoza alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole, aliyependa kutafuna bua la nyasi akifikiri, ndiyo maana watu wakamwita Bwana Nyasi. Huyu alitaka kujua kama ng'ombe anaweza kuishi vizuri bila kwenda malishoni kabisa. Alijenga kibanda, akapanga ndani yake trei za bati kumi na mbili, moja juu ya nyingine kama ngazi, na katika kila trei akamwaga mahindi yaliyolowekwa, bila udongo hata kidogo. Juu ya yote palikuwa na pipa la maji lililodondosha tone kwa tone ndani ya debe lililoning'inizwa kwa chuma upande, na debe likijaa linapinduka lenyewe, kop, linamwaga maji trei ya juu, maji yanateremka hadi ya chini, debe linarudi mahali pake na kuanza upya. Hakuna mkono wa mtu. Baada ya siku nane unainua mkeka mzima wa majani mabichi na mizizi yake, unamwekea ng'ombe. Mmoja wa wazee walioletwa kuona akauliza kama debe hilo linapumzika Jumapili.

Mimi nilikuwa karani wa malisho. Nilikuwa kijana, nimesoma darasa la sita, nimebatizwa Zakaria, nafundisha watoto Neno kila Jumapili, na kwa kweli nilijiona mtu mwema kupita kiasi. Kazi yangu ilikuwa kupima. Kulikuwa na ng'ombe wanane, wanne wanakula nyasi kavu pamoja na mikeka ya trei, wanne wanakula nyasi kavu peke yake, na kila Ijumaa tunawazungushia utepe kifuani na kuandika daftarini. Bwana Nyasi alinieleza vizuri kabisa, kwa Kiswahili chake cha shambani, "Zakaria, hii nne nakula kidogo, ile nne nakula zaidi. Kama wewe nachanganya, kazi yote nakufa." Kama matokeo yangekuwa mazuri, kila mji ungepewa trei na mbegu. Watu walikuwa wakisubiri hilo kwa hamu ambayo siwezi kuieleza.

Sasa kati ya wale wanne wa nyasi kavu, wa mwisho, karibu na mlango, alikuwa Kaeru, mdogo, mwenye doa jeupe usoni. Kila asubuhi nilipita mbele yake nimebeba mikeka mibichi ya wenzake, na kila asubuhi aliinua kichwa, akanitazama, akafuata harufu kwa pua hadi nilipopotea. Hakulia, na afadhali angelia. Nilimwombea. (Ndiyo, nilimwombea ng'ombe.) Siku moja, baada ya kuomba, nikaona kwamba huruma iliyonijia ni jibu la Mungu, nikatia konzi chache za mahindi ya stoo katika trei kuukuu, nikaisukuma chini ya ile ya kumi na mbili, mahali ambapo maji yalikuwa yakipotea bure. Mashine ile haikuuliza kitu, iliinywesha trei yangu ya wizi kama ilivyozinywesha zile za serikali, na mkeka ukiisha nilitia konzi nyingine.

Nikawa kila asubuhi, kabla ya watu kufika, nakata kipande cha mkeka, nakificha ndani ya koti (nilikuwa na koti moja tu, la kazi na la kanisani), nafika kwa Kaeru, nafungua vifungo viwili, naye anaingiza pua yote mle ndani na kuvuta mwenyewe. Na wale watatu wengine wa nyasi kavu je? Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Wao walikuwa mbali na mlango, na huruma yangu haikufika mbali hivyo.

Kaeru akanenepa. Bwana Nyasi akazungusha utepe, akatazama, akazungusha tena.

"Zakaria, hii nakula nini?"

"Nyasi kavu, Bwana."

"Tu?"

"Tu, Bwana."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi wa kunitisha. Maskini yule mtu akaenda kuchunguza maji ya Kaeru, ubavu wa banda alikolala, jua linalompiga, akajaza kurasa kwa maswali. Siku nzima alitafuna bua lake. Mimi nilipita nyuma yake nikiwa na mizizi ya mahindi imeshikamana na bitana ya koti.

Halafu jambo likatoka mikononi. Siku hizo mahindi hayakuwa mahindi tu, yalihesabiwa kama risasi, kwa sababu serikali haikutaka chakula chochote kiwafikie wapiganaji wa msituni. Jumatano mkuu wa homugadi, mtu mmoja aitwaye Nyaga, mwenye sauti kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, alikuja kupima magunia ya stoo kwa fimbo yake yenye alama, akakuta pengo. Hakuuliza mengi. Aliyekuwa akiosha trei pale kituoni ni mjane mmoja, Mama Namu, na huyo Namu, mwanawe wa pekee, alikuwa ameingia msituni mwaka uliotangulia. Nyaga aliona hesabu imekwisha. Mama Namu akachukuliwa na kufungiwa posti, kituo cha homugadi, ikasemwa kwamba Ijumaa, baada ya baraza, D.O., yaani mkuu wa tarafa, ataondoka naye kwenda kambi ya wanawake, na walioenda huko hatukujua kama tungewaona tena.

Nilifanya nini? Niliomba. Niliomba Jumatano, nikaomba Alhamisi hadi magoti yakachubuka, niliomba kila kitu isipokuwa kutembea hatua mia mbili hadi posti na kusema, "Ni mimi." Nilijiambia Mungu atapata njia. Leo nikimsikia mtu anaomba kwa muda mrefu sana huwa najiuliza anakwepa kwenda wapi.

Ijumaa ikafika. Ilikuwa siku ya Bwana Nyasi kuonyesha matokeo, watu wa vijiji vinne wameletwa, wameketi chini kwenye jua, D.O. na chifu mezani, Mama Namu pembeni kati ya homugadi wawili, miguu ameikunja chini ya leso yake kama aliyekuja kusikiliza mahubiri. Na chifu, kwa kuwa alinijua kama kijana wa kanisa, akasema Zakaria atufungulie kwa sala. Nikasimama. Sijui ni pepo gani la ufasaha lililoniingia, kwa maana nilimwomba Mungu, kwa sauti, aangaze nuru yake katika baraza lile na kufichua kila lililofichwa. Watu wakasema amina. Mama Namu alisema amina kuliko wote.

Mungu alijibu kabla sijakaa vizuri.

Ng'ombe waliletwa mistari miwili. Kaeru, aliyekuwa hajapata kifungua kinywa chake (asubuhi hiyo nilikuwa nimeogopa), aliniona, au aliliona koti. Akavuta kamba ikamtoka mchungaji wake mkononi, akakata katikati ya watu, kina mama wakikusanya watoto na nguo, akagonga pembe ya meza ya chifu karatasi zikaruka, akanifikia na kunitia pua kifuani. Nikamsukuma. Akasukuma zaidi. Nikazunguka nguzo ya bendera, naye akazunguka, nikazunguka tena, naye yuko nyuma yangu bila haraka, kama mtu anayejua haki yake. Kifungo cha kwanza kikaruka. Cha pili akakimeza.

Ndugu zangu, watu wale walikuwa hawajacheka kwa muda mrefu, na siku hiyo walicheka hadi homugadi wakaegemea bunduki zao.

"Zakaria, toa mahari tu, ameshakubali!" mzee mmoja akaita.

"Aolewe wapi, na bwana harusi mwenyewe anakimbia!" mama mmoja akajibu kutoka nyuma.

Hapo nilikuwa bado na mlango wa kutokea. Ningecheka pamoja nao, ningesema wanyama hunipenda, mambo yangeishia hapo. Hata D.O. alikuwa akitabasamu. Nikageuza uso nisimwone Bwana Nyasi, na macho yangu yakaangukia kwa Mama Namu. Yeye peke yake hakuwa akicheka. Alikuwa akinitazama kama unavyomtazama mtoto anayevuka mto kwa mara ya kwanza.

Nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, Kaeru akinilamba shingo, nikasema mahindi ya stoo nimeyachukua mimi, nimeyaotesha kibandani, nimempa ng'ombe huyu, na mama huyu hajui lolote.

Kicheko kikakatika.

"Mahindi ya watu, umempa ng'ombe?" Nyaga akaniuliza. "Wakati watoto wanalala njaa? Hakuna mjinga wa namna hiyo. Huyu anamfichia mwanamke."

Nikaapa. Hakusadiki. Ndipo Bwana Nyasi, ambaye alikuwa amesimama na uso mwekundu, akainama nyuma ya Kaeru, aliyekuwa ametoka kujisaidia mbele ya meza ya chifu, akachukua kijiti na kuanza kuchambua mavi yale polepole, kama mtu anayesoma barua. "Zakaria, kuja. Shika," akasema, na nikakinga viganja. Akaniwekea. Kisha akaenda kuchambua mavi ya ng'ombe mwingine wa nyasi kavu, na ya mmoja wa trei. Ya yule wa nyasi yalikuwa nyuzi tupu. Ya yule wa trei, na haya yaliyokuwa yakinipasha joto mikononi, yalijaa maganda ya mahindi. Nikapitishwa hivyo mbele ya D.O., mbele ya chifu, mbele ya Nyaga, koti wazi, viganja vimejaa, kila mmoja akiinama kutazama.

"Mwacheni mama aende," D.O. akasema, akapangusa pua, na adhabu yangu akamwachia Bwana Nyasi.

Nilimkimbilia Mama Namu kumwomba msamaha, nikiwa bado sijanawa. Nikamwambia sikujua jinsi ya kusema.

"Mimi nilijua," akasema. "Ile trei ya chini, ulidhani inajiosha, kama debe la bwana wako? Nilikuwa naiosha mimi."

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Nani angeniamini? Na wangeniamini, wangekuchukua wewe. Mmoja nimeshampoteza."

Ningependa kuishia hapo, maana hapo naonekana kijana aliyekosea akatubu. Lakini Bwana Nyasi alifunga daftari lake mbele ya watu wote akasema hawezi kuwaambia chochote, kwa kuwa tarakimu zote sasa ni uchafu, hajui Kaeru alikula kiasi gani, hajui kama na ng'ombe wengine walilishwa hivyo. Itabidi kuanza upya, miezi mitatu. Hakunifukuza. Alinituma niende kijiji kwa kijiji, nisimame langoni, niwaeleze watu kwa nini trei haziji. Hakuna aliyenitukana. Walisikiliza, wakageuka, wakarudi kwa ng'ombe wao.

Nikapima upya, kila asubuhi, nyasi kavu kwa haki, bila koti, nikitazamwa na Kaeru. Nilijifunza kusimama nikiwa na huruma na mikono mitupu, na sijui kama nimewahi kufanya ibada ngumu kuliko ile.

Miezi mitatu ilipokwisha ilionekana wazi kwamba trei zinasaidia, na vijiji vyetu vikaanza kugawiwa trei hizo. Niliyekuwa nikigawa ni mimi. Mama Namu alipanga foleni kama wengine, akapokea trei yake na kibaba cha mbegu, akaweka kibaba ndani ya trei, akainua macho. Ng'ombe wake wa pekee, mtamba, alikuwa amekufa katika mwezi wa pili wa kungoja. Nilijua, nilisaidia kumzika.

"Asante, Zakaria," akasema, bila uchungu wowote. "Na mimi nitampa nani?"

Swali hilo nalibeba hadi leo. Kwa hiyo nikisikia moyoni nataka kutenda wema kwa kitu nilichokabidhiwa na wengine, kwanza nakwenda kumwambia mwenye kitu, mchana, kwa maneno mafupi. Akikataa, nakaa chini na kungoja, hata kama aliye mbele yangu ananitazama.