Mzee Januário Analinda Kitone cha Kijani

Saa kumi alfajiri, jikoni kwa Mzee Januário Medeiros, kuna mlio mmoja tu: kipanya cha kompyuta kinakwaruza kitambaa cha plastiki cha meza. Kwaru. Kimya kidogo. Kwaru tena.

Mzee hasomi chochote kwenye kompyuta hiyo. Anakisukuma kipanya mbele, anakirudisha nyuma, anapuliza kahawa yake, anasukuma tena. Hasubiri hata kahawa ipoe. Nje ya dirisha, mzabibu alioupandisha juu ya banda la uani haujaanza kuonekana.

Sebuleni, mlango ukiwa wazi, binti yake Filomena amelala kwenye kochi na nguo za kazini. Hereni moja iko sikioni, nyingine ameishika kiganjani. Alifunga macho sasa hivi tu. Kazi yake haijafunga.

"Nimempokea zamu," mzee anamnong'oneza mgeni anayeandika kwenye kona ya meza.

Filomena, mwenye umri wa miaka 31, ni wakili katika kampuni kubwa ya mawakili katikati ya Toronto. Kwenye kompyuta za kampuni hiyo, kando ya jina la kila mtu, kuna kitone. Ukiwa kazini kitone ni cha kijani. Ukikaa dakika chache bila kugusa kompyuta, kinageuka njano, na wenzako wote wanaona kwamba umeondoka.

"Hakuna sheria inayokataza njano," Filomena anaeleza baadaye. "Lakini hakuna mtu anayetaka kuwa wa njano."

Usiku mmoja wa mwaka jana alimwomba baba yake amwamshe kitone kikibadilika rangi. Mzee hakumwamsha. Alinyoosha mkono akakigusa kipanya, na tangu hapo imekuwa kazi yake.

"Nilikuwa fundi wa zege," anasema. "Wakati wa baridi, zege likimwagwa haliachwi peke yake. Barafu ikilikuta bichi, limeharibika. Basi mmoja anakesha na majiko ya gesi, wengine wanalala. Nimelinda zege la watu nisiowajua. Nishindwe kumlindia mwanangu usingizi?"

Kwaru.

Kunapopambazuka vizuri, simu inatetemeka chini ya mto. Filomena anasimama kabla macho hayajafunguka.

"Wamenitafuta?"

"Wakutafute wewe nani? Kunywa kahawa."

"Mkate nitakula njiani, baba."

"Njiani wanakula mbwa. Kaa."

Hakai. Anakula wima, simu mkono mmoja, mkate mkono mwingine, kisigino kikigonga sakafu kama cherehani.

"Mheshimiwa wakili," mzee anamchokoza, "kiti hicho nilikinunua mwenyewe. Hakiumi."

"Nikikaa nitalala, baba."

"Sasa huo ni ugonjwa?"

Filomena anacheka na mkate mdomoni, anambusu utosini, anatoka. Anarudi kuchukua hereni. Anatoka tena. Anarudi kuchukua viatu.

Kazi yenyewe inauzwa kwa vipande vya dakika sita. Kila kipande kinaandikiwa jina la mteja atakayekilipia, na kampuni inatarajia saa kama elfu moja na mia nane za namna hiyo kwa mwaka. Kula hakumo. Kumfariji mwenzako anayelia kwenye ngazi hakumo. Ili siku iwe na saa nane za kuandikwa, Filomena anasema, mtu hukaa kazini kumi na mbili, na mikataba mikubwa inapokaribia kutiwa saini hakuna anayehesabu tena.

Hataki kuhurumiwa. Mshahara wake unapita dola laki moja na sitini kwa mwaka kabla ya kodi, na baba yake hakuwahi kufika hata nusu ya hapo.

"Watu wakisikia hela wananiambia ninyamaze, na mimi nanyamaza," anasema. "Nilinunua godoro zuri sana mwaka jana. Baba ndiye analilalia mchana."

Tatizo, anasema, ni kwamba zile dakika sita zinakufuata nyumbani. Tangu mama yake afariki na yeye kurudi kuishi na mzee, kuna jioni walikaa wakimkumbuka marehemu. Katikati ya maneno Filomena akatupia jicho saa ya ukutani.

"Nikamuuliza, dakika hizi unamwandikia nani?" mzee anakumbuka. "Akalia. Sikutaka alie. Nilikuwa natania."

Jambo linalomkosesha raha wiki hii ni macho ya baba yake. Yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kulia limekuwa zito. Mzee ameacha kuendesha gari. Mwezi uliopita alitia chumvi kwenye kahawa badala ya sukari, akainywa yote asije akaonekana amekosea.

Upasuaji ni mdogo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini hospitali haimgusi mtu ambaye hana wa kumsubiri na kumrudisha kwake.

Mwezi Machi mzee alikuwa ameshavaa gauni la hospitali. Filomena alitoka ukumbini kupokea simu. Simu ikawa kikao, kikao kikamwita ofisini kwa nusu saa tu, na nusu saa ikala mchana wote. Wauguzi walimsubiri mpaka wakachoka, kisha wakamwambia mzee avae nguo zake. Mmoja alimpa biskuti za kula kwenye teksi. Mwezi Mei hawakufika hata mlangoni.

Jirani yao, Bi Lurdes, alijitolea kwenda naye. Mzee alimshukuru sana, akakataa.

"Nina binti," alimwambia.

Mara ya tatu ni Alhamisi hii. Hospitali imesema ikipita na hii, mzee atarudi nyuma kabisa ya foleni, mpaka theluji ianguke.

Jumanne mchana, katika maduka ya chini ya ardhi yanayounganisha majengo ya mjini, Filomena anakula wali kwenye boksi na mwenzake wa ofisi moja, Gurleen Sandhu. Hapa angalau amekaa, ila kwenye ncha ya kiti.

"Umeshamwambia Deirdre?" Gurleen anauliza. Deirdre si jina lake halisi. Ni mbia katika kampuni na ndiye anayewagawia kazi. Amekubali maneno yake yaandikwe, jina lake lisitajwe.

"Nitamwambia."

"Jana ulisema nitamwambia."

"Nasubiri wakati mzuri."

"Mena, jengo letu lina ghorofa hamsini. Sijakuta wakati mzuri hata kwenye moja."

Gurleen ndiye aliyemfundisha desturi za pale alipoanza kazi. Ukitoka mapema, acha koti kwenye kiti. Mkubwa akikuandikia Jumapili kwamba hakuna haraka, jibu Jumapili. Ukiulizwa kama una nafasi, usiseme huna, sema utaona jinsi ya kupanga.

"Na ukifa," Gurleen anasema, "waachie namba ya simu."

Chini ya meza yake ana sanduku lenye soksi, uji wa kukoroga na maji ya moto, dawa za kichwa, pini na mswaki mpya. Mawakili wote wa ghorofa yao wanalijua. Hununua kila kitu kwa hela yake na haulizi nani amechukua. Filomena anapokimbilia lifti, wali ukiwa nusu, Gurleen anafunga boksi na kulitia mkobani mwake.

"Atalitaka saa moja jioni," anasema. "Atadhani ni la kwangu."

Alhamisi asubuhi, ukumbi wa kusubiri hospitalini una viti vya buluu na televisheni isiyo na sauti. Mzee Januário amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mkunjo mmoja umepita pembeni. Kando yake yuko Filomena, mkoba wa kompyuta mapajani, ameupakata kama mtoto mchanga. Mguu wake unacheza bila kukoma.

Muuguzi anapomchukua mzee kumpima presha, Filomena anasimulia kwa haraka yaliyotokea jana yake.

"Deirdre aliniita. Kuna kampuni inauza maghala ya baridi, saini ni leo mchana. Akasema, nimekuchagua wewe kwa sababu nikiamka alfajiri nakuona upo. Wenzako wote njano, wewe kijani. Ndiyo maana kila kitu nakupa wewe kwanza, najua hulali, kama mimi."

Filomena anasema alibaki amesimama kama mlingoti.

"Nikamwambia, huyo si mimi. Huyo ni baba yangu."

Deirdre hakuelewa. Ikabidi aelezwe yote: jikoni, kahawa, kipanya, zege la wakati wa baridi. Alicheka. Kisha akaacha kucheka na kuvua miwani. Ni mwanamke anayeishi peke yake.

"Akasema, kwa hiyo miezi yote hii alfajiri nimekuwa nikikaa na baba yako. Akasema alikuwa akiona kile kijani anapata moyo, anajua kuna mwenzake yuko macho." Filomena anahamisha mkoba, anaurudisha. "Unaona? Baba ananilindia usingizi, na huko kulinda ndiko kunakoniletea kazi. Yeye hajui. Sitamwambia."

Hapo ndipo aliposema neno ambalo hajawahi kulisema katika kampuni ile. Alisema kesho hatakuwepo. Hakusema ataona jinsi ya kupanga.

"Akavaa tena miwani, akasema, nenda, maghala nitayabeba mwenyewe. Nilipofika mlangoni akaongeza, lakini Ijumaa nakuhitaji. Sijui kama amekasirika. Sijui. Labda nimpigie."

Simu inatetemeka mkobani. Filomena anainuka, anafika hadi mlango wa ukumbi, mlango ule ule wa mwezi Machi. Anasimama hapo na simu mkononi. Kisha anarudi kukaa, simu ikiendelea kutetemeka.

Muuguzi anamrudisha mzee akiwa na gauni na karatasi za maswali. Ni yule yule wa biskuti.

"Baba Medeiros, leo tuna mtu wa kusubiri?"

"Yupo. Mguu ule unaousikia ndiye yeye."

Muuguzi anacheka, anaendelea kuuliza. Ana kisukari? Hana. Taa zinamuumiza macho? Sana. Rangi anazitofautisha?

"Nyekundu naiona," mzee anajibu. "Kijani na njano sijazijua tangu Pasaka."

Mguu wa Filomena unasimama.

"Baba."

"Naam."

"Sasa alfajiri unaangalia nini?"

Mzee anajikuna kidevu kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Siangalii kitu, mwanangu. Nasukuma tu. Nikasema nikisukuma sana hakitapata nafasi ya kubadilika."

Muuguzi anageuza karatasi ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Filomena anafungua mkoba, anatoa kompyuta, anaifungua juu ya magoti ya baba yake. Anabonyeza, anasubiri, kioo kinakuwa cheusi.

"Umefanya nini?"

"Nimeizima."

"Kitone kimekuwaje?"

"Wenzangu wanakiona cha kijivu."

"Kijivu ndiyo nini?"

"Maana yake mtu hayupo."

"Mbona upo?" mzee anashangaa, akimpapasa bega kuhakikisha.

"Nipo, baba."

Simu ilitetemeka mara nyingine mzee akiwa ndani ya chumba cha upasuaji. Filomena akaizima nayo. Muda wote uliobaki alizunguka ukumbi, akasoma tangazo moja la kunawa mikono tena na tena, akamwokotea mama mmoja fimbo yake, lakini mlango wa kutokea hakuusogelea.

Mchana wako nyumbani. Jicho la kulia la mzee limefunikwa kwa kikombe cha plastiki na utepe. Bi Lurdes ameleta supu ya sukuma wiki na viazi, ameiacha mlangoni na kugonga mara moja ili asiwasumbue.

Filomena hajui kama ataendelea kukaa katika kampuni ile. Anasema kazi yenyewe anaipenda, hasa pale mkataba mgumu unapokaa sawa, na angependa kuifanya mpaka azeeke, mradi azeeke taratibu. Jicho la pili ni Agosti. Ameshaliandika kwenye kalenda ya kampuni kama kikao: mteja ni Medeiros, hakisogezwi.

Yeye na Gurleen wana mpango mwingine. Wamezungumza na mawakili wanne wa ghorofa yao, na wote wamekubali kwamba kuanzia wiki ijayo atakayelala aache kitone chake kigeuke.

"Sita wakiwa njano kwa pamoja, watamwona nani?" anasema. "Labda watatufukuza kwa rangi. Tutajua Jumatatu."

Anajilaza kwenye kochi. Safari hii hereni zote mbili ziko mezani. Jua bado liko juu.

Jikoni, kwa mazoea, mzee anapapasa kitambaa cha meza akitafuta kipanya. Hakipo. Anakunja mikono na kumgeukia mgeni aliyekuwa akiandika siku zote hizi kwenye kona ya meza yake.

"Dada, umekunywa kahawa yangu wiki nzima na mimi sijakuona. Kwangu wewe ni sauti na koti la kijivu."

"La buluu, baba," Filomena anasema kutoka kwenye kochi, macho yamefumbwa.

"Umesikia? La buluu!" Mzee anacheka, akishika kile kikombe cha plastiki kisianguke. "Basi njoo Jumapili. Hiki kitakuwa kimetoka, na sukari nitaijua. Usikose, dada. Rudi nikuone."