Mbao Sita za Mninga

Nyuma ya nyumba ya Dominick, hapa Mingoyo, kuna chumba cha bati alichokijenga mwenyewe alipostaafu ukarani wa ghala la korosho. Yeye hukiita karakana. Mkewe, Theresia, hukiita kwa mke mwenza, na simwoni akicheka anaposema hivyo. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi na maranda. Misumeno imetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, makopo ya skrubu yamejaa rafu mbili, na redio mbovu zipatazo ishirini zimelala zimepasuliwa matumbo. Kazi hiyo haimlishi wala hajawahi kutaka imlishe. Mpelekee pasi iliyoungua, ataitengeneza na atakushukuru kwa kumletea.

Katikati ya chumba, juu ya meza, imekaa redio ya marehemu baba yake. Ni ile ya zamani ya kabati, yenye taa za kioo ndani na mahali pa kupigia santuri, ambayo baba yake aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Mchwa walilila kabati lote. Vyombo vya ndani Dominick amevifufua kimoja kimoja, kwa miaka, na sasa inaimba. Ila inaimba ikiwa uchi, sauti nyembamba, kama mtu anayeongea amebana pua. Dominick anaikumbuka ile sauti nzito ya utotoni iliyokuwa ikitikisa vikombe mezani, na anaitaka irudi. Kinachohitajika ni kabati, na kabati linataka mbao sita za mninga mkavu.

Mbao hizo amekwisha kuzipata mara tatu, na mara tatu zimeingia kaburini.

Ilianza masika moja barabara ilipokatika. Mama yake Nikodemo, jirani yetu, alifariki na jeneza halikuweza kufika kutoka Lindi mjini. Dominick alikuwa na mninga wake ameukausha darini mwaka mzima, akautoa. Alilitengeneza jeneza lile kwa siku moja, viungo vimeshikana hata ukucha haupiti, mpaka padri mwenyewe akapitisha mkono juu yake na kuuliza limetoka wapi. Kosa lake lilikuwa hilo, kulitengeneza vizuri. Tangu hapo kigango chetu kimejiwekea desturi ambayo haijaandikwa popote: Mkristo akifa, mtu mmoja anakwenda kwa padri na mwingine anakwenda kwa Dominick. Hakuna anayemwuliza kama anaweza. Wanaingia vichwa chini, wanakaa kwenye benchi lake, wanatazama dari.

"Sisi jeneza letu linakaa msikitini, linakwenda na kurudi," Abdulrazak wa duka la jirani humtania. "Lenu likienda ndiyo limekwenda."

Dominick hucheka naye. Kisha siku hiyo hafanyi kazi.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho. La kulia lilikuwa limeshakwisha. La kushoto, kwa jinsi lilivyokuwa likienda, lingemwonyesha mstari wa penseli kwa mwaka mmoja, ukizidi sana. Alirudi nyumbani akamwambia Theresia, "Kabati kwanza. Nikishamaliza nitapapasa." Wakati huo mbao sita mpya zilikuwa darini, zimebakiza miezi michache kukauka. Ninamfahamu tangu ujana wetu na sijawahi kumwona anahesabu siku namna ile.

Mwezi wa pili mwaka huu akazishusha. Aliranda siku mbili, na sisi majirani tukasikia ile sauti, shwaa, shwaa, tangu asubuhi. Niseme ukweli: hapa mtaani sauti ya randa ya Dominick humfanya kila mtu ahesabu wagonjwa wake. Siku ya tatu akaja Romana, binti wa Mzee Valentini. Nyumba zao zimepakana, ukuta mmoja tu katikati, na mzee alikuwa ameanguka tangu Krismasi, miguu imekataa kumbeba.

"Baba Antonia, samahani," Romana alimwambia Dominick akiwa amesimama mlangoni. "Baba anasikia randa. Anauliza hilo ni la nani."

"Mwambie ni kabati la redio."

"Nimemwambia. Amegeukia ukutani. Tangu jana hajagusa uji."

Dominick alitaka kuendelea. Theresia akamwambia angoje. Nikodemo akaja kumwambia angoje. Mimi pia nilikwenda, mwenye mdomo wangu, nikamwambia asubiri kidogo tu mzee apate nafuu. Nikasema kidogo, kama vile jicho lilikuwa langu. Akaiweka randa chini.

Basi akawa amefungwa, na kamba tulizishika sisi. Akiranda, anamuua mzee. Akingoja, mzee atakufa na mbao zitakwenda naye, halafu darini tena mwaka mzima kwa mbao nyingine ambazo asingeziona. Mwezi wa tatu ukapita. Akawa anaingia karakana, anakaa, anawasha ile redio iliyo uchi kwa sauti ya chini, anatoka. Siku moja aliniita pale kwenye benchi.

"Leo alfajiri niliamka nikatega sikio," aliniambia, "nisikie kama kuna kilio upande wa pili. Palikuwa kimya. Nikakasirika. Unanielewa? Nilikasirika kwamba mzee wa watu ameamka salama."

Alilia mbele yangu, mtu mzima wa miaka sitini na minne. Niliona aibu. Nikaenda zangu.

Wiki ile ile Mzee Valentini akamwita. Dominick alitaka nimsindikize, nadhani aliogopa kuwa peke yake na mtu ambaye alikuwa akimngojea hivyo. Tulimkuta mzee amelala chali, amekonda, macho makali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Kumaliza nini, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Ulipokuwa unaranda nilikuwa nasikia, nikajua bado. Nilikasirika, lakini nilijua bado. Sasa umenyamaza mwezi mzima. Kila usiku nalala hapa najiambia, kijana amemaliza, limesimama pale nyuma ya ukuta, ninangojwa mimi." Akavuta pumzi. "Hujui ninavyoteseka na huo ukimya wako."

Dominick alimweleza habari ya redio, ya mchwa, ya kabati. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, kabati. Nenda karande."

Kesho yake asubuhi randa ikaanza tena, na wote tuliomkataza tukajifanya hatusikii. Kutoka upande wa pili wa ukuta mzee akaita, "Bado?"

"Bado, mzee!"

Romana alituambia kwamba siku ile alikunywa uji bakuli zima.

Ungedhani mambo yamekwisha. Dominick naye alidhani hivyo kwa siku nne. Siku ya tano mbao zilikuwa tayari, akachukua penseli na msumeno ili aanze kukata viungo, na randa ikanyamaza. Haikupita saa moja Romana akaja mbio. Mzee alikuwa anatetemeka, hataki kushikwa, anasema limekwisha. Dominick akaacha penseli, akarudia kuranda ubao ambao ulikuwa hauna tena cha kurandwa.

Akajaribu ujanja. Alitafuta kipande cha mwembe akawa anakiranda hicho asubuhi, ili mninga upumzike. Ila Mzee Valentini alikuwa mpasua mbao miaka arobaini, shimoni, kwa msumeno wa watu wawili, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. "Huo mwembe!" sauti ikapita ukutani. "Unanidanganya nini?" Ikabidi arudi kwenye mninga.

Ikawa hivyo mwezi wa nne na wa tano. Kila asubuhi nusu saa, bado, bado mzee. Mchana angeweza kukata viungo, na alijaribu, lakini kila asubuhi randa ilifuta alichopima jana yake, na mbao zilizokuwa inchi nzima zilikwisha kuwa nusu, na za nusu haziwezi kubeba vyombo vile vizito. Hata kwa jeneza zisingefaa. Maranda mekundu yalijaa magunia, Theresia akawashia jiko. Alipika nayo vizuri sana, na siku moja nilimwona anageuza uso asiuone moto.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Romana alikuja tena, safari hii na Nikodemo na jirani mwingine, Rafaeli, wamebeba mbao begani. Walizilaza chini. Zilikuwa sita, pana, nzito, nyekundu iliyoiva, na vumbi la miaka mingi.

"Zilikuwa chini ya kitanda chake," Romana alisema. "Alizipasua mwenyewe kabla mama hajafariki, akaziweka kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe. Anasema zako zimekuwa nyembamba, anasikia zinavyolia. Anasema randa hizi."

"Halafu yeye?"

"Nilimwuliza. Amesema ukizimaliza utajua cha kufanya. Na amesema polepole."

Walipoondoka, Dominick alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, kutoka mwisho hadi mwisho. Hajawahi kushika mninga kama ule. Akachukua penseli, akaweka rula, akachora mstari. Akainama. Akasogeza ubao mlangoni kwenye jua, akainama tena, akanigeukia.

"Nimechora?"

Mstari ulikuwepo, mweusi, umenyooka. Nikamwambia upo.

Kisha akaichukua randa, akakipapasa kisu kwa kidole gumba na kukirudisha ndani, kidogo kidogo, mpaka kikawa hakitoi ila unga. Akaiweka juu ya ubao, juu ya mstari wake mwenyewe, akasukuma.

Ukutani mzee alikohoa. "Bado?"

"Bado, mzee," Dominick alisema.