Kikohozi Ndani ya Kikapu

Niliingia ndani ya kikapu kikubwa cha papa, baba yangu, cha kuvulia samaki, nikajikunja, nikakohoa kama yeye. Nilikuwa mdogo. Maporomoko yalikuwa yamemchukua papa, mwili haukuonekana, na mimi nilitaka tu mama acheke.

Leo mwalimu wa Kilatini ametuandikia ubaoni complecti. Ni kukumbatia, akasema, lakini kwa neno hilo hilo mto huzunguka kisiwa, mpiganaji humkaba adui, akili hushika jambo.

“Na usingizi je, Monsieur? Jirani yangu huyu amekumbatiwa tangu asubuhi,” nikauliza.

Darasa likacheka. Mvua ikaingia dirishani, ikalowesha kiti cha mwalimu kilichosukwa kwa kamba za kekele, na harufu ya kamba mbichi za porini ikanifikia.

Ndiyo harufu niliyoivuta ndani ya kikapu siku ile, mama aliposikia kikohozi akaja mbio, akakikumbatia kikapu chote, shavu juu ya kamba, akanibana mpaka mbavu zikauma. Kisha akachungulia, akaona ni mimi. Hakunipiga. Mikono yake ililegea polepole, akasema, “Bon, toka. Nilizani mayi imemurudisha papa yako.”