Asante ya Jana

Kwetu, mtu akikutendea wema unamshukuru hapo hapo, kisha kesho yake asubuhi, kabla hujatia kitu kinywani, unakwenda mlangoni kwake kumshukuru tena. Unamwambia, "Asante ya jana." Naye anakujibu, "Hakuna la kushukuru." Hapo ndipo jambo limekwisha. Asiyekwenda asubuhi, hata kama jana alishukuru kwa machozi, watu humsema kwamba amekula akapangusa mdomo.

Araba Bentsiwa aliishika desturi hiyo kuliko sisi sote, akaipeleka hata kwa Mungu. Alikuwa mpika dokono, yale madonge ya mahindi yaliyochachuka ambayo sisi Wafante wa Ghana huyafunga kwa majani makavu ya ndizi. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa jana, jambo moja moja: kuni zilikuwa kavu, goti halikumuuma mteremkoni, yule mteja mgomvi alikwenda kununua kwa mwingine. Hakuomba kitu mpaka amemaliza kushukuru. Sauti yake ilikuwa pana, na nyua zetu hazina siri. Mimi nimekiongoza kikundi chetu cha sala miaka ishirini na miwili na nimefundisha wengi kusali, lakini Araba sikumfundisha. Hilo nalisema bila wivu.

Ila palikuwa na Efua Egyirba, mshonaji, jirani yake wa nyumba ya tatu. Walikua pamoja, wakabatizwa siku moja. Kisha kwa miaka sita hawakutembeleana. Kanisani walisalimiana kama watu wanaomsalimu askari barabarani. Tulijua kuna jambo, hatukujua ni lipi.

Mwaka ule miguu ya Efua ilikataa. Mwanawe akasema atakuja Jumatatu kumchukua akaishi naye Takoradi. Sote tulielewa kwamba harudi tena. Kanisa likapanga kumuaga Jumapili, na Araba akasema hatakuja. Jumamosi nikamwendea jikoni kwake.

"Araba, mtu anaondoka na wewe unafunga majani."

"Dada Esi, majani hayajifungi."

"Amekufanyia nini?"

Akafunga madonge mawili kabla ya kunijibu. "Alipolazwa, nani alimpelekea uji?"

"Wewe."

"Siku kumi na moja. Kwa miguu, na mvua ile. Akarudi nyumbani amepona. Kesho yake nikafagia ua, nikatoa kiti, nikajaza maji kwenye glasi ile ya wageni. Hakuja. Keshokutwa hakuja. Maji yaliingia nzi, Dada Esi."

"Na hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Mtu anadai shukrani kama anadai ndoo yake?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, maana alisema kweli, na bado alikuwa na kosa.

Jumapili, Efua alipokwisha kuagwa, nilikaa naye kwenye benchi la nyuma nikamweleza yote. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake iko mtaa mwingine.

"Mimi sikwenda? Dada, nilikwenda kabla ya jogoo wa pili. Nilimkuta yuko katika sala, nikasimama dirishani. Nikasikia ananitaja. Anasema, 'Bwana, umemponya Efua. Mtu asinishukuru mimi, sitaki. Shukrani yote ni yako.' Basi nikasema, huyu amekwisha kumpa Mungu. Nikiingia kumshukuru, si nitakuwa namwibia Mungu? Nikarudi kwangu, nikamshukuru Mungu huko huko. Kisha nikaona amenikunjia uso, nikadhani nina dhambi aliyoiona yeye peke yake."

"Miaka sita, Efua?"

"Nami nilikuwa na kiburi changu. Usifikiri ni chake peke yake."

Sikwenda kumwambia Araba. Mambo mengine mjumbe akiyabeba huyamwaga njiani. Nilimwambia Efua tu kwamba gari la mwanawe linaweza kusubiri.

Jumatatu alfajiri nilimshika mkono, yeye na fimbo yake, tukatembea nyumba tatu zile kama watu wanaokwenda mji wa Mankessim kwa miguu. Araba alikuwa magotini, mlango umeegeshwa. Tulimsikia anamshukuru Mungu kwa mahindi. Efua akagonga mlango kwa fimbo.

"Bentsiwa, mwambie Mungu asubiri kidogo. Gari linaningoja."

Sala ikakatika. Araba akatoka amefunga kanga kifuani, hana kilemba, nywele zote mvi.

"Nimekuja kwa asante ya jana," Efua akasema. "Ya siku kumi na moja. Nilikuja wakati ule nikakusikia unakataza watu wasikushukuru, nikatii."

Araba alisimama. Nikaona maneno yanamwingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu.

"Yale yalikuwa maneno ya sala," akasema.

"Kwa hiyo ulimdanganya Mungu?"

"Sikumdanganya. Nilisema ya adabu."

"Na kiti ulikuwa umekitoa?"

"Nilikuwa nimekitoa."

Efua akacheka mpaka akashikilia mwimo wa mlango. Araba hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilimpa Mungu kwa mdomo, nikabakiza yangu moyoni. Naye aliniona siku zote hizo." Kisha akasema, "Keti, Efua, miguu yako." Akaingia ndani kuleta maji.

Efua akayanywa yote. Akaushika mkono wa mwenzake kwa mikono miwili akamshukuru kwa uji, kwa mvua, kwa kila siku aliyoihesabu kitandani. Araba alizisikiliza shukrani zile mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndipo akajibu kama inavyotakiwa:

"Hakuna la kushukuru."

"Lipo," Efua akasema. "Usianze tena."

Honi ya gari ikalia. Araba akatia madonge ya jana kikapuni, akayafunika kwa kitambaa, akamshika Efua upande wa pili, tukaenda barabarani watatu. Mbele ya watu wote, Araba Bentsiwa, bila kilemba. Waliongea njia nzima habari za mtu aliyekufa zamani ambaye mimi sikumjua. Mwana akamsaidia mama yake kuingia, na Araba akamwekea kikapu mapajani kupitia dirishani.

"Ukifika, yachemshe tena kabla hayajakauka," akasema.

"Nitakula njiani."

"Utakula kila kitu njiani, nakujua."

Gari likaondoka. Alisimama mpaka vumbi likatua, kisha akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia. Akasema amechelewa kuwasha moto.