Barua Niliyoitoa Jaladani

Sogeza kiti, mwanangu, unisikilize. Najua umepewa kazi ya kupanga majalada ya marehemu wakili wetu hapa Korogwe, ili barua alizoandikiana na wakubwa zihifadhiwe. Mimi nilikuwa karani wake, na kuna barua moja hutaiona. Nakumbuka vizuri nilivyoipoteza.

Ilitoka kwa mheshimiwa mmoja aliyejulikana nchi nzima. Aliiandika kwa mkono, kwenye karatasi nyepesi ya barua za ndege, akimweleza wakili kwamba shamba lake la bondeni, kule Mashewa, amempa Bibi Mwanahamisi, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Bibi hakujua kusoma. Kila akija mjini kuuza ndizi alipita ofisini, na wakili aliniruhusu nimsomee.

"Nisomee pale anaponitaja, mjukuu wangu."

Nami nilisoma: "Huyu ndiye mama niliyebaki naye." Alicheka, akafuta macho kwa pindo la khanga, akaniachia chana ya ndizi.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; nami nilivimba kichwa. Wenzangu wa mtaani Kilole walinitania: "Karani tu wewe, mheshimiwa utamjulia wapi?" Nikaichomoa barua jaladani nikawaringishie sahihi yake. Mmoja akaiomba akamwonyeshe kaka yake Handeni. "Keshokutwa unayo, dada." Ikapita mkono kwa mkono, hata ikawa hakuna aliyejua iko kwa nani.

Mheshimiwa akafariki. Wapwa zake wakalidai shamba, na Bibi akaja ofisini kutafuta barua yake. Kwa hofu nikashika karatasi nyingine, nikajifanya kusoma yale niliyoyakariri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaipapasa.

"Siyo hii. Ile ilikuwa inalia ukiikunjua. Umeipeleka wapi?"

Nikasema kweli. Wakili alikuwa mlangoni; hakunifokea, na afadhali angefoka.

"Wewe uliona sahihi ya mkubwa," alisema. "Mama huyu hukumwona."

Tulikwenda Handeni, tukarudi mikono mitupu. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika jalada ilibaki nakala ya jibu la wakili, na hiyo ilisema tu kwamba barua imepokelewa. Mahakama ilitaka mwandiko wa mheshimiwa mwenyewe; Bibi akashindwa kesi, akahamia kwa binti yake Mnyuzi.

Nilikwenda kumwamkia kule. Habari za shamba hakuzigusa kabisa. Aliniomba tu nimwambie yale maneno. Nikamwambia, neno kwa neno.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ila zamani nilikuwa namsikia yeye. Sasa nakusikia wewe tu."

Nimezeeka, mwanangu, na bado nikiona karatasi nyepesi popote pale, naikunjua niangalie mwandiko.

Kwa hiyo jina kubwa lisikupumbaze. Barua ya wakili ni amana, si pambo la kuonyeshea wenzako. Mara nyingi ndani ya barua ya mkubwa kuna mtu mdogo, hana kingine cha kushika isipokuwa mstari huo mmoja. Nawe usikate tamaa kazi ikiwa ndefu. Haba na haba hujaza kibaba. Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kuona majina madogo.

Kesho ukifungua jalada, isome barua yote, andika kwenye orodha jina la kila aliyetajwa, kisha irudishe mahali pake kabla hujagusa nyingine.