Mgongo wa Velonika

Siku ya kwanza kazini nilichomwa mimi. Nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mara mbili, nikadhani nitakabidhiwa sinia ya dawa, kumbe Daktari Mkuu wa chumba cha tiba ya sindano akavuta kiti. "Keti, Zaina. Asiyejua sindano hawezi kumuuliza mgonjwa." Alikuwa Mchina. Kiswahili chake alikiokota Tanzania alikofanya kazi miaka mingi, na ndiyo sababu nilichaguliwa. Wauguzi wenzangu walijivunia Kifaransa chao. Mimi mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, Kiswahili nimekinyonya kwa mama.

Akanichoma kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sindano nyembamba kama unywele. Haikuuma. Kikaja kitu kizito, ganzi inayotembea, ikapanda mkono taratibu, na mimi na mdomo wangu wote nikasinzia mchana kweupe. Yeye aliita hali ile "kufika". Sindano isipofika, alisema, umetoboa ngozi tu.

Ilikuwa mwaka 1991. Vita vilikuwa kaskazini, na mjini watu walianza kuongea kwa kunong'ona. Lakini chumba chetu nikikikumbuka leo nakiona kama ndotoni. Dirisha lilitazama bonde, na asubuhi ukungu ulijaa humo hadi vilima vikabaki vichwa tu. Wagonjwa walilala kifudifudi, migongo wazi, sindano zimesimama wima, wakasinzia mmoja baada ya mwingine. Nilipita kati yao bila viatu, nikisikiliza pumzi zao. Sijawahi kupenda mahali pa kazi kama pale.

Kazi yenyewe ilikuwa utafiti. Tulitaka kujua kama sindano hutibu maumivu sugu ya kiuno, yale yaliyokaa miezi na miezi. Kundi moja lilichomwa kwenye sehemu zenyewe, kwa kina chake. La pili lilipata sindano za bandia, juujuu, mahali pasipo na maana. Wagonjwa walielezwa kuwa kuna makundi mawili, ila hakuna aliyejua yuko lipi. Hata mimi sikujua. Siri ilikuwa kwenye bahasha za Daktari. Mimi niliuliza tu: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi leo? Nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri, nikajiona msomi.

Hapo ndipo nilipomjua Velonika, mjane mkulima kutoka Gahanga. Kiuno kilimshika tangu uzazi wa tatu. Shemeji yake alikuwa amemwambia wazi: mvua zikija shamba halijalimwa, analichukua. Siku ya kwanza alisema kumi. Baada ya wiki chache akasema tatu, kisha moja. "Asante, muganga," akaniambia, maana kwetu kila mwenye gauni jeupe ni muganga. Tukamruhusu aende.

Daktari Mkuu alifurahi siku mbili, ya tatu akaja amenuna.

"Zaina, hata wa sindano za bandia wamepona. Wote! Hii ni nini?"

"Mungu mkubwa, Daktari."

"Mungu simwandiki kwenye jedwali."

Jumapili moja nilikwenda Gahanga kumpa pole shangazi yangu aliyefiwa. Njiani nikamwona mwanamke shambani, analima kwa magoti, anajiburuta tuta hadi tuta. Nikasogea. Velonika! Aliponiona akainuka upesi, akang'ata mdomo, akatabasamu.

"Mgongo je?"

"Iko sawa kabisa, muganga."

"Sawa gani, na unalima kwa magoti?"

Akatazama chini. "Wewe ulinishika na mikono yako wiki ngapi? Sasa nikuambie ulifanya kazi ya bure? Mimi si mtu wa kukosa shukrani."

Looo! Nilikaa juu ya tuta na nguo zangu za msibani. Ndivyo tulivyolelewa: mtu aliyekuhudumia humwambii kwamba huduma yake haikufaa kitu. Mimi mwenyewe nimekula mboga chungu za wakwe nikasifu. Nilijua, na bado niliandika ile "moja" bila kuuliza mara ya pili. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Jumatatu nilimweleza Daktari yote.

"Kwa hiyo daftari lote ni uongo?"

"Si uongo, Daktari. Ni adabu."

Akavua miwani, akalifunga daftari. Nikajua nimefukuzwa. "Basi tumepima adabu," akasema mwishowe. "Tunaanza upya. Wewe utatunga maswali."

Nikatupa namba. Nikauliza: jana ulilima umesimama au umepiga magoti? Nani alikuchotea maji? Na kila mgonjwa nilimwambia, hapa kwetu malalamiko ndiyo zawadi. Walicheka, wakafunika midomo kwa mikono.

Velonika akarudi. Bahasha yake ilipofunguliwa, alikuwa wa bandia. Safari hii Daktari alimpa za kweli. Wiki ya tatu, chumba kizima kimesinzia, akapaza sauti: "Apana! Leo inauma, muganga! Hapa, na hapa. Na jana sikuweza kuinama!" Wote wakaamka. Daktari Mkuu alikuja mbio kama mtu aliyezawadiwa ng'ombe, akasogeza sindano. "Hapo?" "Apana." "Hapo?" Velonika akashusha pumzi. "Hapo. Imefika."

Msimu ule alilima amesimama. Nusu siku, si zaidi, siongezi chumvi. Lakini shamba lilipandwa lote, na shemeji akabaki na maneno yake.

Halafu ikaja Aprili 1994, na mauaji. Daktari na Wachina wenzake waliondolewa nchini. Alinishika mikono yote miwili, Kiswahili kikamkimbia. Daftari, bahasha, vitanda, vyote vilikwenda. Na wagonjwa wetu, wengi. Ndiyo maana vijana wauguzi wanaponiuliza, sasa nimestaafu, kama sindano zinaponya kiuno, nawajibu sijui. Utafiti wetu haukufika mwisho. Ninachowafundisha ni kuuliza, na kutoamini jibu la kwanza.

Mwaka ule wa 1994 ukielekea kuisha, nilikuwa Remera nasubiri gari, nikasikia, "Muganga!" Alikuwa Velonika, amekonda, mzigo wa viazi vitamu kichwani. Tulikumbatiana hadi viazi vikadondoka. Nikamuuliza mgongo. "Asubuhi inauma, mchana inaachilia," akasema bila kupepesa.

"Na wewe, Zaina? Unaumwa wapi?"

"Niko sawa," nikasema. Nilikuwa nimezika mume na dada wawili, na tangu siku hizo hakuna mtu aliyeniuliza.

Velonika akatua mzigo wote chini. "Mimi siandiki popote," akasema. "Sema."

Nikakaa palepale kando ya barabara, nikasema.